Susu Aliniambia Nizime Kamera

Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana katika shule moja ya kutwa upande wa Kathonzweni, huku Makueni. Haya ninayoandika sijawahi kumwambia mtu kwa mdomo. Mimi ni mtu wa daftari. Wageni wakija nyumbani, mimi niko jikoni mpaka waondoke... Kwa hivyo nivumilieni, na mkitaka kunihukumu, ngojeni nimalize.

Nilikuwa na hamu ya kitu kimoja tu: kusomea digrii ya utengenezaji wa filamu, na hasa ile kazi ya kupiga picha zenyewe. Wenzangu darasani walitaka kuwa manesi na walimu. Mimi nilitaka kamera kwa sababu ukiwa nyuma yake hakuna anayekuangalia wewe!

Lazima kwanza niwaeleze nyumbani kwetu. Susu, yaani nyanya yangu, alifiwa na mumewe kabla hawajapata mtoto. Kwa desturi yetu sisi Wakamba, mwanamke kama huyo anaweza kumuoa mwanamke mwingine ili amzalie watoto wa kushika jina la nyumba. Mwanamke aliyeolewa hivyo huitwa iweto. Mama yangu ni iweto wa Susu. Susu alitoa mbuzi na ng'ombe kama mume yeyote, nami nikazaliwa. Kwenye cheti changu jina la baba ni la huyo marehemu, aliyezikwa miaka mingi kabla sijazaliwa.

Kijijini kila mtu anajua hilo na hakuna anayelizungumzia, kanisani ndiyo kabisa. Lililofichwa lilikuwa moja tu. Mwanamume aliyenizaa ni nani? Mama na Susu walikubaliana wasiseme milele. Na mimi nilijizoesha kutouliza.

Sasa Kyalo. Kyalo ni mtoto wa jirani yetu, na alikuwa mwaka wa mwisho wa digrii hiyo hiyo ya filamu, Nairobi. Likizo ya Agosti alikuja na kamera ya chuo, stendi, na maikrofoni ya kubana kwenye nguo. Alitaka kutengeneza filamu ya kumalizia masomo. Akaniambia itakuwa ya Susu akisuka viondo, vile vikapu vyetu. Mikono yake, mkonge, rangi, basi.

"Na wewe Mwende ndio utashika kamera," akasema. "Jina lako litaandikwa mwisho. Ukienda kuomba nafasi ya digrii, hiyo ndiyo utawaonyesha."

Mimi? Jina langu kwenye filamu? Usiku huo niliandika kurasa sita!

Susu alikataa mara mbili. Mimi ndiye niliyembembeleza mpaka akakubali. Mimi ndiye niliyemsomea karatasi ya ruhusa na kumshika kidole akiweka alama. Nilimwambia ni ya viondo, kwa sababu hata mimi niliamini hivyo.

Kyalo alinifundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alinionyesha kumweka mtu pembeni ya mlango ili mwanga umguse upande mmoja wa uso. Alinionyesha kusubiri. Pia alibandika kipande cha utepe mweusi wa gundi juu ya ile taa nyekundu inayoonyesha kamera inarekodi, akisema wazee wakiiona wanakauka kama mti. Kisha akanipa somo ambalo leo natamani nisingelisikia.

"Mtu akikwambia uzime, weka kidole kwenye kitufe, lakini usifinye. Mambo mazuri hutoka hapo."

Siku ya tatu, alasiri, Kyalo alitoka kwenda kupokea simu. Tulibaki mimi na Susu. Susu alisuka kidogo, akaacha kiondo magotini, akaniangalia.

"Mwende, hebu zima hiyo kitu. Nataka kukuambia neno. Wewe, si huyo kijana."

Niliweka kidole kwenye kitufe.

Sikufinya... Jamani, sikufinya! Mnataka kujua kwa nini? Si kwamba nilitaka kumdhuru. Uso wake ulikuwa umepata mwanga mzuri sana, na nilijua kitu kikubwa kinakuja. Nilifikiria picha kabla ya kumfikiria Susu.

Akaniambia nimekuwa mtu mzima, naye anazeeka, si vizuri afe bila mimi kujua. Akanitajia jina la baba yangu. Ndipo akaongeza, polepole, akipangusa macho kwa leso: "Ni huyo mwenye posho mill, hiyo tunakosagia mahindi pale njia panda. Huyo anayetuombea sala ya kufunga ibada. Usimuonyeshe kwamba unajua. Mke wake ni mtu mzuri."

Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe. Kamera ilichukua kila neno.

Jioni nilimwambia Kyalo kila kitu. Nilimwomba afute. Nililia, mimi ambaye huwa silii mbele ya watu. Akasema, "Aki Mwende, kwani mimi ni mtu gani? Hebu angalia." Akanionyesha kamera, akafuta ile video mbele ya macho yangu. Nilimshukuru kama mtu aliyeniokoa!

Kumbe alikuwa ameshaihamisha kwenye kompyuta yake alasiri ile ile, aliporudi kutoka kwenye simu, wakati mimi nikimpikia Susu chai.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne, nikamaliza, nikatulia. Desemba, filamu ikatokea mtandaoni. Ilikuwa imepewa sifa chuoni na walimu wake. Viondo vilikuwa dakika mbili za mwanzo. Zilizobaki zote zilikuwa habari za nyumba yetu, za Mama kuwa iweto. Na mwisho kabisa, Susu analia na kunitajia baba yangu.

Jina lenyewe Kyalo alilifunika kwa mlio. Lakini posho mill ya njia panda aliiacha! Na neno la kufunga ibada aliliacha! Mtu wa Nairobi hawezi kujua ni nani. Kwetu hata mtoto wa nasari alijua.

Nilimpigia. Alijibu kama mtu aliyesumbuliwa akila.

"Si jina nimekata? Unataka nini tena? Na Susu aliweka kidole, ruhusa iko. Mwende, ukitaka hii kazi, acha uoga."

Kipande hicho kilizunguka kwenye simu za akina mama wa kanisa kabla ya Jumapili. Hakuna aliyekuja kutugombeza. Kikundi cha kusuka cha Susu kilibadilisha tu mahali pa kukutania, na hakuna aliyemwambia. Alienda na mkonge wake begani, akakuta hapana mtu, akarudi. Mama hakuweza kuvumilia macho ya watu. Alifunga nguo zake akaenda Emali kwa dada yake, na mpaka leo simu zangu hapokei.

Wiki hiyo Susu alinituma kusaga mahindi. Kusaga tunasaga wapi kwingine? Nilienda nimeinamisha kichwa. Kwenye foleni mama mmoja akapaza sauti:

"Karibu dairekta! Leo umekuja kutushuti tukisagiwa?"

"Mpeni nafasi," mwingine akasema. "Si amekuja kwao!"

Wakacheka. Mwenye mashine alikuwa mlangoni, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Nilimwangalia kwa mara ya kwanza nikijua. Niliona masikio yangu kwenye kichwa chake... Kwa sekunde moja nilifikiri atasema kitu. Mtoto wangu. Au hata, umekuja na debe ngapi.

Alisema, "Leo hatusagi. Mashine imeharibika."

Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma.

Nilibeba mahindi yangu nikarudi nayo. Nilidhani hapo ndipo mwisho wa uchungu. Haukuwa.

Nilimkuta Susu ameketi na binti wa jirani, ameshika simu ya huyo binti. Alikuwa ameitazama filamu hadi mwisho, pale majina yanapopanda. Susu hajui kusoma.

"Nisomee," akasema. "Hapa wameandika nini?"

Kyalo alikuwa ametimiza ahadi moja tu, na ndiyo hiyo.

"Wameandika jina langu, Susu."

"Ulifanya nini?"

"Kwamba ni mimi nilishika kamera."

Aliitazama tena simu. "Nilikuambia uzime."

"Ndiyo, Susu."

"Ukaniambia umezima?"

"Sikusema kitu."

"Basi hapo ndipo uliponidanganya," akasema. Akarudisha simu kwa mwenyewe, akachukua mkonge.

Ndugu zangu wasomaji, Kyalo alinisaliti, na sitamsamehe haraka. Lakini Susu hakusalitiwa na Kyalo. Susu hakuwa anamwambia Kyalo! Alikuwa anaangalia macho yangu.

Nimepata nafasi ya digrii ya filamu. Barua ilifika mwezi uliopita. Nilimwonyesha Susu nikitegemea hata atanifukuza. Alisema tu, "Enda usome." Nikajipa moyo, nikamuuliza jambo ambalo linaninyima usingizi: huyo mwanamume, zamani, alikuwa mwema kwa Mama? Alinipenda hata kidogo?

Susu hakuinua kichwa.

"Muulize Kyalo," akasema. "Maneno yangu ameenda nayo yeye."

Nitaenda chuo, kwa sababu sijui kitu kingine ninachokipenda. Lakini nawasihi nyinyi vijana wenye simu na kamera, mnaotaka watu wawajue. Mwenye kukuamini hawezi kusoma karatasi unayomshikisha kidole. Hajui kitufe kiko wapi. Anakujua wewe tu. Usikubali mtu yeyote, hata awe na digrii ngapi, akufundishe kwamba machozi ya watu wako ni kazi nzuri. Kama nyumbani una mtu ambaye bado anakuita kando akuambie jambo, weka kila kitu chini uende.

Wangu yuko hapa mlangoni ninapoandika haya. Anasuka. Nimemsalimu asubuhi, akaitikia vizuri, akaniuliza kama nimekula... Lakini kando hajaniita tena.