Neno la Nakijwa ni Kulala

Nakijwa ana miaka sita, na hatulii hata kidogo. Hata akinywa uji, miguu yake inacheza chini ya meza. Tipu tapu, tipu tapu!

Siku moja darasani kwao kulikuwa na somo la vitenzi.

"Kitenzi ni neno la kutenda," akasema Mwalimu Mbonea. "Kesho wazazi watakuja. Kila mmoja wenu atatenda neno lake bila kulisema. Wazazi watalitaja."

Watoto wakavuta vikaratasi kwenye kofia ya mwalimu.

Senkondo akapata kuruka. Ruka, ruka, pu!

Nanzia akapata kufagia. Fagia, fagia, shwaa!

Nakijwa akapata… kulala.

"Kulala?" Nakijwa akanuna. "Mwalimu, mtu akilala hatendi kitu!"

"Anatenda," akasema mwalimu. "Analala."

Watoto wakacheka, kwi kwi kwi! "Nakijwa atulie? Hataweza!"

Nakijwa akaumia moyoni. "Nitaweza! Jana nililala. Leo nitalala. Kesho nitalala tena!"

Jioni akaanza mazoezi. Akalala kifudifudi. Akalala chali. Akalala miguu ikiwa juu ukutani. Tipu tapu, tipu tapu!

"Nakijwa, umelala?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama! Nimelala!"

Ehee! Aliyelala anajibu?

Akajaribu kukoroma. Khrrr! Paka akatimua mbio.

"Nakijwa, umelala?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba! Nimelala sana!"

Masikini Nakijwa! Mazoezi ya kulala yalimnyima usingizi. Jogoo akawika, kokorikoo, naye bado anafanya mazoezi.

Asubuhi wazazi wakajaa darasani.

Senkondo akaruka, pu! "Anaruka!" wazazi wakasema.

Nanzia akafagia, shwaa! "Anafagia!" wazazi wakasema.

Ikafika zamu ya Nakijwa. Akatandika kanga ya mama sakafuni. Moyo ukamdunda, du du du. Je, wakisema anaumwa? Je, wakicheka?

Akalaza kichwa. Akafumba macho. Miguu ikacheza. Tipu… tapu… tipu…

Kimya.

Mdomo ukaachama. Udenda ukamtoka kidogo. Khrrr…

"Analala!" wazazi wote wakasema.

"Shhh!" akasema Mwalimu Mbonea. "Analala kweli!"

Basi watoto waliobaki wakatenda maneno yao kwa kunyata. Aliyepata kupiga ngoma aliipiga kwa kidole kimoja.

Nakijwa alipoamka, wazazi walikuwa wanakunywa chai.

"Nimeweza?" akauliza, huku anajifuta udenda.

"Umetushinda wote," akasema Senkondo. "Sisi tuliigiza. Wewe ulilala!"

Nakijwa akafurahi mno. Akarukaruka njia nzima hadi nyumbani. Tipu tapu, tipu tapu!

Usiku ukaingia.

"Haya, mwanangu, kalale," akasema mama.

"Lakini mama, mimi nimeshalala! Leo ni zamu yako."

Mama akacheka. Alikuwa amechoka. Akajinyoosha kitandani kwa Nakijwa, kidogo tu.

"Mama, umelala?"

Mama hakujibu. Khrrr…

"Huyu sasa ndiye amelala," Nakijwa akanong'ona.

Akajisogeza kifuani kwa mama. Miguu ikacheza kidogo chini ya shuka.

Tipu… tapu… tipu…

Nakijwa, umelala?

Kimya.