Pasta, Umeruka Neno

"Masha, chupa ya dawa iko wapi?"

"Nimeimwaga chooni."

Nyevu akaketi kitandani. Madaktari walishasema: saratani ya ini, hapana la kufanya ila kumpunguzia mchumba wake uchungu. Sasa dawa yenyewe imemwagwa, na harusi ni kesho!

"Umeimwaga kwa nini?"

"Nimeshapona. Pasta Griffins amesema anayemeza dawa hajaamini."

"Na huo mto mbona umeung'ata hata umechanika?"

Masha akaugeuza mto upande wa pili. Hamali aliyekuwa akibeba magunia mtaa wa Kuze huku akiimba, leo kufunga vifungo vya shati tu alihema. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Jamani, Nyevu aliogopa! Aliogopa kifo, na aliogopa kuolewa na mtu atakayekufa huku akimwambia hajambo.

"Niambie mimi tu. Unaumwa?"

"Nikilitamka, linarudi! Wataka nife?"

Asubuhi simu ya Nyevu ikalia. Ujumbe wa Masha: "Mpenzi, kanisani usinitajie maradhi. Nakuomba."

Akaizima simu, akavaa shela.

Mbele ya madhabahu, Pasta Griffins akaongoza kiapo. "Bibi harusi, nifuatishe: nitakupenda katika raha na katika dhiki, katika afya, siku zote za maisha yetu."

Nyevu hakufuatisha.

"Binti, tunakungoja."

"Pasta, umeruka neno."

"Hapa maradhi hatuyataji. Bwana harusi amepona."

Watu wakaanza kunong'ona. Nyevu akamgeukia Masha.

"Naogopa, Masha. Kila siku namwomba Mungu akuponye, na najua anaweza. Lakini nataka kumwapia huyu aliyesimama hapa. Nitakupenda katika maradhi."

Masha alikuwa akitiririka jasho. Akamshika mkono.

"Nyevu."

"Bee."

"Naumwa. Naumwa sana."

"Ahsante," akasema Nyevu, akaangua kilio mbele ya kanisa zima.

Pasta akarudisha macho kitabuni. Kisha akakohoa, akaanza upya: "Katika afya... na katika maradhi."

Wakafuatisha wote wawili.

Wageni walipoelekea kwenye pilau, maharusi walipanda tuktuk kwenda hospitali kutafuta chupa nyingine.

"Waogopa?" Masha akauliza.

"Mno."

"Hata mimi."

"Basi niegemee, mume wangu. Usijikaze."

Akamwegemea, na kwa mara ya kwanza akalia kwa uchungu, kwa sauti.