Robo Saa Kabla ya Kutandika

Muuguzi alifika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la uani, akakunja mikono ya gauni, akaanza kunawa. Alinawa vidole, viganja, mpaka viwiko. Akasuuza. Kisha akaanza tena.

Binti yake wa miaka sita alisimama mlangoni na daftari lake la shule. Zamani angemkimbilia. Siku hizi alikuwa amejifunza kungoja.

"Mama, umemaliza?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Nimesema bado! Husikii?"

Mtoto akarudi ndani. Baba yake, fundi viatu, alikuwa kibarazani akishona soli. Aliyasikia yote.

"Mke wangu, hiyo ni mikono au sare za shule? Utaifua mpaka ipauke."

"Hospitali ina vijidudu."

"Vijidudu vilikuwepo tangu tulipooana. Mbona zamani vilikuwa vinaridhika na sabuni mara moja?"

Hakucheka. Alipita, akanywa chai akiwa amesimama, akajitupa kitandani na viatu vyake. Alilala macho makavu, akiangalia dari. Alikuwa katika hali hiyo kwa miezi mitatu.

Kazini, katika wodi ya watoto, walimwita Chuma. Jina hilo lilimkaa tangu mwaka wake wa kwanza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akilia. Alilipenda. Muuguzi mwenzake wa zamu, kijana aliyeitwa Redio kwa kuwa hanyamazi, alikuwa akimtania: "Chuma, wewe ukianguka tutakuitia fundi wa kuchomelea, si daktari."

Katika wodi ile, wauguzi waliwataja wagonjwa kwa vitanda vyao. "Cha tatu ana homa." "Cha kumi hajala." Haikuwa dharau. Watoto walikuwa wengi, wauguzi wachache, na namba haziponyoki kichwani.

Miezi mitatu nyuma, cha saba alikuwa msichana wa miaka minne mwenye nimonia. Alikaa siku tisa. Siku ya saba alipata nafuu. Aliomba kipimo cha kusikilizia moyo, akakiweka kwenye kifua cha Chuma, akasikiliza kwa makini.

"Ndani yako kuna mtu anagonga mlango," akasema.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, hali yake ilibadilika ghafla. Walimpa oksijeni. Walimpa dawa. Daktari alikuja mbio. Saa tano kasorobo mtoto alifariki. Mama yake alikaa sakafuni. Chuma alimfunika mtoto na kuandika saa. Mwili ukatolewa. Godoro likapanguswa kwa dawa, shuka safi zikatandikwa, na ilipotimu saa tano na dakika tano mtoto mwingine alikuwa amelala pale.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Wagonjwa walikuwa wakingoja kwenye benchi. Hakuna aliyekosea.

"Chuma, twende cha nane," Redio alisema siku ile, kwa sauti ya chini.

Wakaenda cha nane.

Tangu hapo Chuma alianza kuchukua zamu za wenzake. Mtu akiumwa, yeye yupo. Mtu akiwa na msiba, yeye yupo. Aliamini kwamba akikosekana, mtoto mwingine ataondoka. Likizo yake ya mwaka aliiacha ikapita. Lakini alipokuwa wodini alikikwepa kitanda cha saba. Alifika pale, akafanya la kufanya, akaondoka haraka bila kuangalia uso uliokuwa kwenye mto.

Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, alikuwa akigawa dawa. Kwenye kitanda cha saba alilala mvulana wa mwaka mmoja na nusu, pamoja na bibi yake. Dawa yake ya sindano ilikuwa ya mara moja tu kwa siku. Ikizidi, huweza kuharibu figo na masikio ya mtoto. Chuma alimchoma, akageuka upesi, akasukuma toroli kwenda cha nane. Hakusaini karatasi ya dawa.

Baada ya dakika ishirini alipitia karatasi zote. Ya cha saba haikuwa na saini. Akadhani amemruka mtoto. Akavuta dawa nyingine kwenye bomba la sindano, akarudi.

Bibi aliweka mkono juu ya paja la mjukuu wake.

"Sista, kulikoni? Si umeshamchoma?"

"Bado, bibi. Karatasi haina saini."

"Mwanangu, karatasi sijui. Paja ninalijua. Tazama hapa, pamba yako mwenyewe bado imeshika."

Chuma akatazama. Pamba ilikuwepo. Alama ndogo ya damu ilikuwepo. Aliliweka bomba la sindano kwenye sinia polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Redio," akaita. "Njoo ushike toroli."

"Kuna nini tena?"

"Shika tu. Nakwenda kwa Metroni."

Metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa kazi. Chuma alimweleza yote akiwa amesimama. Hakuficha kitu.

"Niandikie barua ya kunifukuza," alimalizia. "Mtoto ameokolewa na bibi yake, si na mimi."

"Keti kwanza."

"Siwezi kuketi."

"Basi simama, lakini nisikilize. Kwanza, daktari ataarifiwa sasa hivi ili amwangalie mtoto. Pili, tukio hili tutaliandika, maana kosa lililofichwa hurudi kwa mgonjwa mwingine. Tatu, kuanzia leo hugawi dawa."

Kugawa dawa ndiyo kazi Chuma aliyoipenda kuliko zote.

"Mpaka lini?"

"Mpaka niweze kukuamini tena. Na wewe ujiamini." Metroni alifungua daftari la zamu, akapitisha kidole. "Umefanya kazi siku kumi na tisa mfululizo. Mimi ndiye ninayesaini hapa, na sikuona. Hilo ni kosa langu, nalo tutaliandika. Utapumzika siku kumi na nne. Kabla ya kwenda nyumbani, pitia chumba namba tisa."

"Kwa mshauri nasaha? Mimi? Pale si ninapeleka wagonjwa?"

"Ndiyo. Njia unaijua."

Chuma aliijua vizuri. Kila wiki aliwapeleka akina mama mle, akiwaambia hakuna aibu. Lakini leo, alipoliona benchi la nje limejaa watu, alisita. Aliingia chumba cha kumbukumbu, akachukua faili tupu, akaliweka kwapani ili aonekane amekwenda kikazi.

Mshauri alimtazama, akalitazama faili.

"Karibu dada. Huyo mgonjwa wako yuko wapi?"

"Anakuja."

"Haya, tumngojee."

Wakangoja. Saa ya ukutani ikagonga. Mwishowe Chuma akaliweka faili mezani na kulifungua. Halikuwa na karatasi hata moja.

"Amefika," akasema.

Mshauri hakucheka. Alimsogezea kiti.

"Ninayoyasikia hapa siyatoi nje, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Unalala?"

"Kidogo sana."

"Unakula?"

"Nakunywa chai."

"Nyumbani?"

"Nafoka. Mwanangu ananiogopa." Akavitazama viganja vyake. "Naosha mikono mpaka inawaka. Na kuna kitanda sitaki kukitazama."

"Kwa hiyo unajionaje?"

"Naona nimechanganyikiwa. Au nimekuwa mlegevu. Wenzangu wote walikuwepo siku ile, na wanafanya kazi."

"Nikuulize. Mama mmoja akikuletea habari kwamba miezi mitatu halali, hali chakula vizuri, anafoka, na nyumbani kwake kuna kona anaikwepa, utamwambia ajikaze?"

"Hapana. Nitamleta hapa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ameumia."

"Basi na wewe umeumia. Huu si wazimu wala ulegevu. Anayehudumia wagonjwa huona mateso na vifo vingi. Asipopata nafasi ya kupumzika na kusema, mwili na akili huanza kudai. Usingizi hupotea. Hasira huja. Kumbukumbu huteleza. Ndiyo maana hukusaini. Na usidhani wenzako hawajaguswa. Kila mmoja ameficha lake." Akainama mbele. "Nitakuuliza jambo, ujibu ukweli. Umewahi kufikiria kujidhuru, au kwamba ni afadhali ufe?"

"Hapana. Nimefikiria kulala wiki nzima tu."

"Vizuri umeniambia. Wazo hilo likija, usingoje miadi. Mwambie mumeo, au mimi, au daktari, siku hiyo hiyo. Na usingizi usiporudi, daktari atakuona pia. Kuna tiba."

"Sasa nifanye nini?"

"Ule, hata kidogo. Ulale kwa saa zilezile kila siku. Utembee. Usichukue zamu ya mtu. Uje hapa kila wiki. Na leo, umweleze mumeo jambo moja. Si lazima yote."

Kisha akauliza, "Huyo mtoto aliitwa nani?"

Chuma alifungua mdomo kusema "cha saba". Akajizuia. Akalitaja jina la mtoto. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu, alilia.

Alipofika nyumbani, alinawa, kisha akaketi kibarazani kando ya viatu vilivyongoja kushonwa. Alimweleza mumewe habari za msichana aliyesikiliza moyo wake. Fundi viatu aliacha kazi. Hakutoa ushauri. Alipoona mkewe amemaliza, akauliza:

"Na kesho unaingia saa ngapi?"

"Siingii. Nimepewa siku kumi na nne."

"Kumi na nne! Basi wifi yako aliyetaka kuja kutusaidia kazi nimwambie asije, maana utaanza kupanga upya nyumba yote."

Chuma akacheka kidogo. Hakikuwa kicheko kirefu, lakini binti yao alikisikia, akatoka na daftari lake.

Siku za kwanza hazikuwa rahisi. Mara mbili alivaa sare bila kujua, akaivua. Usingizi ulirudi kwa awamu, muda wa saa tatu, saa nne, halafu saa sita. Alikwenda chumba namba tisa kila wiki, na mara hizo hakubeba faili. Wiki ya tatu alimkuta Redio kwenye benchi la nje.

"Umemleta mgonjwa?" Chuma akamuuliza.

"Mgonjwa ndiye mimi. Unadhani kelele zote hizi ni za furaha?"

Mshauri alikwenda kuzungumza na Metroni, bila kutoa siri ya yeyote. Akasema kumtibu muuguzi mmoja mmoja hakutoshi, kama kazi yenyewe inaendelea kuwaumiza. Metroni aliita kikao cha wodi. Walibishana sana. Mhudumu wa usafi, ambaye hakuwahi kuulizwa lolote kwenye vikao, alinyoosha mkono.

"Mimi ndiye ninayefuta lile godoro," alisema. "Nikilifuta bado lina joto la mtoto. Nipeni muda kidogo tu."

Hapo ndipo walipokubaliana. Mtoto akifariki, kitanda chake hakitatandikwa kwa robo saa. Mgonjwa mpya, kama ni wa dharura, atahudumiwa kwanza kwenye kitanda cha dharura. Muuguzi mmoja wa wodi ya jirani atakuja kuwaangalia wagonjwa. Waliobaki wataketi katika chumba cha kuhifadhia shuka. Watamtaja mtoto kwa jina lake. Atakayetaka kusema atasema, na asiyetaka atanyamaza. Hakuna kulaumiana pale. Tena Metroni akaweka amri kwamba hakuna mtu kufanya zamu zaidi ya tano mfululizo, na aliandika barua kwa uongozi kuomba wauguzi zaidi. Walipewa mmoja. Hakutosha, lakini alikuja.

Chuma alirudi wodini. Aliosha vidonda, alilisha watoto, alipima homa. Dawa hakuzigusa. Baada ya wiki sita Metroni alimruhusu kugawa dawa akiwa pamoja na Redio, mmoja akisoma na mwingine akichoma. Alifanya hivyo bila kosa. Lakini Metroni hakumwachia afanye peke yake, naye hakuuliza.

Kisha ikaja Alhamisi moja. Mtoto mchanga, aliyeletwa akiwa amechelewa mno, alifariki saa tano asubuhi. Walijaribu kila walichoweza. Muuguzi mpya, wiki yake ya pili, akashika shuka safi.

"Weka chini," Chuma alimwambia. "Bado robo saa."

"Lakini sista, kazi ni nyingi."

"Ni nyingi kweli. Itatungoja. Njoo."

Waliketi chumba cha shuka, watano. Walimtaja mtoto kwa jina. Mhudumu wa usafi alisema alikuwa na nywele nyingi. Muuguzi mpya alilia na Redio akampa kitambaa, bila neno, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu. Robo saa ikaisha.

Dawa za saa sita zilikuwa zikisubiri. Metroni alikuwa amesimama mlangoni. Redio akamnyooshea Chuma karatasi za dawa. Chuma akazitazama, hakuzipokea.

"Hizi za saa sita sitachoma," alisema. "Kichwa changu bado kiko kwa yule mtoto. Chukua wewe, na mwenzio akusomee. Mimi nitamketisha mama yake, nimpe maji. Za saa kumi nitakuwa tayari."

Alisema hivyo mbele ya Metroni, na hakuinamisha uso.

Metroni aliondoka. Saa tisa na nusu alirudi na orodha ya zamu. Kwenye mstari wa dawa za saa kumi alikuwa ameandika jina la Chuma peke yake.

"Nimekuwa nikingoja siku utakayoniambia huwezi," akasema. "Sasa naweza kukuamini."

Saa kumi Chuma alianza kitanda cha kwanza. Alimtazama mtoto usoni, akamwita kwa jina, akachoma, akasaini. Kisha akaenda cha pili.