Mpaka Vifaranga Waruke

Foleni ya ofisi ya maji ilianzia mlangoni ikajikunja mara mbili kama utumbo. Watu walishika bili, walishika barua, wengine walishika viuno. Mwanamke mmoja alishika mche wa nyanya ndani ya kopo la rangi.

Alipofika dirishani akauweka mbele ya karani, majani yamelala kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa.

"Hii nini?" karani akauliza.

"Malalamiko yangu."

"Malalamiko huandikwa kwenye fomu, dada."

"Fomu nimeshajaza tatu. Nikasema labda kusoma kunawachosha, nikawaletea mgonjwa mwenyewe."

Foleni ikacheka. Karani hakucheka. Mtu anayelipwa kukaa nyuma ya kioo hacheki mpaka mkubwa wake acheke kwanza. Akampa fomu ya nne, akasema atapigiwa simu, na hakuna mtu mle ndani ambaye hakujua kwamba simu hiyo ingelia siku kuku akiota meno.

Kwenye benchi la mafundi alikaa mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu imepauka magotini, anafunga kamba ya kiatu. Aliifunga kamba ile mara tatu kwa sababu macho hayakuwa kwenye kiatu. Yalikuwa kwenye gauni la kijani lenye vidoadoa vyeupe, limemkaa mwenyewe kama ganda la tunda, na kwenye kola yake sindano mbili zimechomekwa, moja bado ina uzi mwekundu. Mshonaji huyu, akajisemea, tena ametoka mbio.

Akamfuata hadi mlangoni. "Dada, huo mche usipopata maji leo, fomu ya nne utaitumia kuufanyia sanda."

"Na wewe nani, daktari wa nyanya?"

"Fundi bomba."

"Ala. Kumbe ndiwe ninayekutafuta miezi miwili. Ulijificha wapi?"

"Kwenye benchi lile pale. Hatutoki mpaka tutumwe, na wanaotutuma hawana kiu."

Jioni ile fundi alikwenda kwake bila kutumwa. Akafungua bomba la uani, akatoa kutu ya kujaza kiganja, na maji yakatoka yakikohoa. Mshonaji hakumshukuru kwanza. Alichota kikombe akaukimbilia mche, ndipo akakumbuka kwamba kuna mtu.

Ua lenyewe lilikuwa hatua nane kwa tano, nyuma ya chumba alichokaa na cherehani yake akishona sare za wanafunzi. Lakini hatua hizo hazikuwa na nafasi ya kutupa hata kibiriti. Kulikuwa na makopo, ndoo zilizotoboka, sinki lililovunjika, buti moja la mvua, na kila kitu kimeota kitu: nyanya, vitunguu, pilipili, maua mekundu marefu kama tarumbeta. Baridi ilikuwa imekatika wiki ile, majira ya machipuko yameingia, na kila ncha ya tawi ilikuwa imetoa kijani kichanga. Shomoro waligombana ukutani kama watu wa nyumba moja.

"Kaa hapa, usitikisike," mshonaji akamwambia. "Tazama kamba ya nguo, mwisho kule."

Fundi akaona kitu kama soksi kuukuu kinaning'inia. Akataka kuuliza kwa nini haifuliwi. Mara chozi jike, ndege wa kutosha kwenye kikombe cha chai, mdomo mrefu umepinda kama sindano ya magunia, akaja na uzi wa manjano, akauchomeka kwenye ile soksi, akauvuta, akaubana.

"Ananiibia masalio ya nyuzi," mshonaji akanong'ona. "Mume wake ndiye yule anayemeremeta. Kazi hafanyi, anaimba tu."

"Huenda ni msimamizi," fundi akasema.

Mshonaji akacheka mpaka ndege wakaruka. Kuanzia siku hiyo nguo zake alianika kwa jirani, Mama Pacha, na fundi akawa anakuja kila jioni. Walikaa kwenye kreti mbili zilizopinduliwa, chai mkononi. Fundi alijifunza kupunguza vichipukizi vya nyanya kwa kucha. Alijifunza sauti za ndege, ya shorewanda na ya chiriku. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwenye simu alijitahidi.

"Umelala, laazizi?"

"Saa moja jioni hii nilale, mimi kuku?"

"Nilitaka kusikia sauti tu."

"Ya kwangu au ya cherehani?"

"Zote mbili. Zinafanana, haziishi."

"Ngoja uje kesho, Fundi. Nitakushona mdomo."

Wiki ya tatu fundi alimwambia mshonaji waziwazi: anataka kwenda kujitambulisha kwa kaka yake, awe mume. Mshonaji aliweka chai chini. Mtu aliyemvisha pete zamani aliaga anakwenda kununua betri za redio, na redio ile bado iko kimya.

"Ana mayai mawili mle ndani," akasema hatimaye, akiangalia kiota. "Vifaranga wakiruka, nitakujibu. Mwanamume wa kungoja kifaranga aote manyoya bila kunisukuma, huyo anafikirika."

"Na paka akiwala?"

"Basi mzuie paka asije."

Aliyekuja hakuwa paka.

Jumatatu msimamizi wa maji alimwita fundi ofisini, akamfungia mlango. Kwenye kilima walikuwa wamemaliza nyumba za wakubwa, kila moja na uwanja wa majani mabichi mbele, na majani yale yalikuwa yanageuka manjano. Maji ya mtaa wa chini yapandishwe juu. Koki kuu, iliyo chini ya mfuniko wa chuma mbele ya duka la mikate, ifungwe. Ifunguliwe kwa muda wa saa moja tu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, halafu ifungwe tena.

"Saa moja haifikishi maji hata nyumba ya tano," fundi akasema. "Watapata upepo."

"Kwenye daftari tutaandika wamepata maji. Tangazo litasema ukarabati."

"Nani ameamua?"

"Juu."

"Juu wapi, mzee?"

"Juu. Wewe kazi yako iko chini. Tia sahihi hapa kwamba hutamwambia mtu."

Akatia. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa na akili zake za kifukara: aliona mtu asiye na kazi hana uso wa kuposa. Wenye kalamu wanalijua hilo. Hawahitaji bunduki, wanashika tumbo lako kwa vidole viwili.

Basi kila alfajiri alibeba ufunguo wa koki, chuma kirefu cha umbo la msalaba usio na kichwa, ameuviringisha kwenye gunia. Akafungua, akafunga. Na kila jioni alikuja uani na madumu mawili ya maji aliyoyateka bohari ya idara, mabega yamechubuka.

"Kuna bomba limepasuka huko mbele," akamwambia mshonaji, macho kwenye nyanya. "Wanalitengeneza."

"Pole, roho yangu. Na wewe ndiye unayeumia." Akamfuta jasho kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Bila wewe ningekuwa wapi?"

Neno hilo lilimwingia kama msumari. Akalimeza na chai.

Madumu mawili hayashindi jua. Vitunguu vilitangulia, kisha pilipili. Maua mekundu yakaanza kunyauka toka chini kwenda juu. Vifaranga walikuwa wameshatotolewa, midomo miwili inatokeza kwenye tundu la soksi, na mama yao alikuwa akienda mbali zaidi kila siku kutafuta wadudu na utamu wa maua. Mshonaji alipunguza mgao wake wa maji: kikombe kimoja cha kunywa, yaliyobaki ya mimea.

Mama Pacha ndiye aliyeifunua siri. Alikuwa mtu wa kununua mkate wa kwanza, wa moto.

"Shoga, bomba lililopasuka lina mfuniko?"

"Una maana gani?"

"Kesho njoo tununue mkate pamoja."

Saa kumi na mbili asubuhi walisimama nyuma ya kioo cha duka, mshonaji na kanga begani, mkono umeshika mkate asiouhitaji. Ovaroli ya buluu ikaja. Ikapiga goti. Ikainua mfuniko, ikaingiza chuma, ikazungusha, taratibu, kama mtu anayekamua nguo. Akamwona akifuta mikono. Mikono ileile.

Jioni alimngojea mlangoni, hakumruhusu kuvuka kizingiti.

"Bomba linaendeleaje?"

"Bado wanatengeneza, mpenzi."

"Wanalitengeneza kwa kuzungusha kulia au kushoto?"

Madumu yakamtoka mikononi.

"Nisikilize."

"Nilikusikiliza. Ulinifunga koo asubuhi, jioni ukaja kunipa tone, nami nikakufuta jasho. Ulikuwa unataka nini, nikuabudu?"

"Niliamriwa. Nilitia sahihi. Ningekwambia ningefukuzwa kazi, na ningekuoa na nini?"

"Aliyeniacha na redio isiyo na betri alikuwa afadhali. Yule alichukua mguu wake tu." Sauti yake haikupanda. "Chukua madumu yako. Yapeleke kilimani, huko majani yanaona kiu."

Mlango ukafungwa. Fundi akayaacha madumu pale. Asubuhi yalikuwa palepale yamejaa, na mama mmoja wa nyumba ya sita akayachukua.

Fundi alipiga simu ikaita mpaka ikachoka. Alipiga na kwa simu ya rafiki yake. Ikapokelewa, ikasikia pumzi yake, ikakatwa. Aliyewahi kulala upande mmoja wa kitanda kilichokuwa na pande mbili anaujua ukimya huo, hauhitaji kuelezwa. Fundi alikuwa akikaa chumbani kwake viatu miguuni, anasikia bomba la jirani likitiririka, kwa sababu mtaa wake ulikuwa na maji. Na bado alfajiri alikwenda kufunga. Hilo nalo liandikwe: siku nane zaidi alikwenda kufunga, akiogopa njaa kuliko alivyoogopa kumpoteza. Woga hauna aibu.

Siku ya tisa, saa tano asubuhi, simu ikalia. Ni yeye.

"Mpenzi," fundi akasema haraka.

"Mmoja amekufa," mshonaji akasema. "Nimemwokota chini ya kamba. Mwepesi, Fundi, kama kipande cha pamba. Mama yao anarudi mdomo mtupu. Aliyebaki halii tena, anafungua mdomo tu. Sikukupigia turudiane. Nimepiga ujue."

Ikakatwa.

Hakungoja alfajiri. Alikwenda mchana kweupe, ufunguo begani bila gunia, duka la mikate limejaa watu. Akainua mfuniko, akafungua koki mpaka mwisho wake, akasikia maji yakipita chini ya magoti yake kama treni. Kisha akatoa nyundo, akakipiga kile kichwa cha chuma kinachoshikwa na ufunguo, akakipiga mpaka kikawa mviringo na ufunguo ukawa unateleza. Watu wakatoka na mikate yao kutazama.

"Fundi, unafanya nini?" muuza mikate akauliza.

"Ukarabati," akasema.

Iliwachukua siku tatu kuchimba barabara na kuweka koki mpya. Kumfukuza iliwachukua dakika kumi. Msimamizi alimvua kitambulisho shingoni kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia na ovaroli ni mali ya idara. Fundi aliivua palepale. Wakubwa wa kilimani hawakuulizwa neno. Majani yao yalikosa maji siku tatu, wakapewa barua ya kuombwa radhi. Mtaa wa chini haujapata barua hiyo mpaka leo.

Siku ya tatu, alasiri, fundi alibisha mlango wa mshonaji. Alivaa shati jeupe lililokosa kifungo cha pili, na suruali ya kuazima, fupi, inaonyesha soksi. Mshonaji alikuwa na lile gauni la vidoadoa, sasa linampwaya. Alimtazama toka juu hadi soksi.

"Spana zako ziko wapi?"

"Zimechukuliwa."

"Kwa hiyo sasa ni fundi wa nini?"

"Sijui. Nimekuja nijue."

Akasogea, akampa njia. Uani palikuwa kama pamepita moto usio na moshi. Makopo yamesimama na vijiti vikavu ndani. Siku tatu za maji zilikuwa zimechelewa kwa karibu kila kitu. Maua mawili tu yalikuwa yameinua shingo, na mche wa nyanya wa kopo la rangi, ule wa ofisini, ulikuwa na jani bichi moja. Kwenye kamba, kiota kimelegea. Tundu lake halikuwa na mdomo.

Fundi akakaa kwenye kreti. "Wote wawili?"

Mshonaji alikuwa amesimama na kikombe chini ya bomba. "Maji yalipotoka nilijaza sufuria, beseni, hata kopo la vifungo. Nikayamwagilia yale maua mawili, nikakaa hapo ulipokaa. Mama yake alikuja mara kumi na nne, nilihesabu. Leo asubuhi kifaranga akatoka, akashika kamba, akatetemeka kama mlevi." Akaonyesha ukuta kwa kidole. "Akaruka hadi ukutani. Kisha akapita juu ya nyumba ya Mama Pacha."

"Mmoja."

"Mmoja. Ahadi yangu ilikuwa vifaranga."

"Basi nimepata nusu."

"Umepata nusu. Na ile nusu nyingine nimeizika kwenye buti, na kila nikikuangalia nitaiona. Usidhani nitasahau."

"Sitaki usahau. Sina kazi, sina kitambulisho, suruali hii ni ya binamu yangu. Nikiondoka sasa hivi hutakuwa umekosea."

"Huo ni uwongo mwingine au ni ukweli?"

"Huu ni ukweli."

"Mchungu."

"Ndio pekee nilio nao."

Bomba likakohoa. Likatema upepo, likatema tone, likanyamaza. Wote wawili waligeuka kulitazama. Kule mbele ya duka la mikate, mtu mwingine mwenye watoto wa kulisha alikuwa anazungusha koki mpya kulia.

Kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Mshonaji alikishika muda mrefu, mikono miwili. Kisha akainama, akamimina nusu taratibu kwenye kopo la rangi, mpaka udongo ukawa mweusi. Iliyobaki akamletea fundi kwenye kreti.

"Kunywa," akasema. "Halafu uvae vizuri tumfuate kaka. Na madumu tubebe, kisima chake hakina msimamizi."