Leo Sipandi

"Fungua mpenzi, abiria wanakaribia kupanda."

Aliyegonga mlango wa choo ni mchumba wa Tabasamu, rubani msaidizi wa safari hiyo. Tabasamu, jina ambalo wenzake walimpa mhudumu huyo wa ndege, alikuwa amejifungia humo pale uwanjani, barakoa mkononi.

Tangu abiria akate roho mikononi mwake angani, ugonjwa ule wa mlipuko ulipopamba moto, kila mlango wa ndege ukifungwa Tabasamu hukosa pumzi. Mchumba alijua. Siku zote alimsihi anyamaze, maana kampuni ilikuwa inapunguza watu, na yeyote ambaye angesemwa kichwa hakimkai sawa angetangulia kuachishwa kazi.

Simu ikatetemeka, ujumbe wa mchumba. "Vumilia tu. Fikiria harusi yetu."

Akajibu: "Harusi ya nani, kama mimi nimeshakwisha?"

Akanawa uso, akatoka hadi chumba cha wafanyakazi. Msimamizi wao alishafika, akamuuliza mbele ya wenzake kama anajua ni wangapi wanaililia nafasi yake.

"Najua," alisema. "Lakini naumwa. Si mafua, ni hofu, na ndege ikipata shida sitaweza kumsaidia mtu. Leo sipandi. Na sitasingizia tumbo ili mridhike."

Msimamizi akamgeukia mchumba, akamwambia amtie akili mwenzake. Tabasamu alijua atainamisha kichwa, kama kawaida yake. Badala yake mchumba aliweka begi chini.

"Anasema kweli. Mimi mwenyewe usingizi umeniruka muda mrefu. Nilimziba mdomo ili nisije nikachunguzwa na mimi. Tafuteni rubani mwingine."

Tabasamu hakumkimbilia.

"Kumbe ulinificha?"

"Niliogopa utaniacha."

"Kwa kukosa usingizi nisingekuacha. Kwa kuniziba mdomo, ilibaki kidogo."

Safari ilichelewa mpaka wafanyakazi wa akiba walipopatikana. Wao waliondolewa kwenye ratiba, wakaanza kwenda kwa mshauri nasaha, kila mmoja kivyake. Wahudumu wengine nao wakapata ujasiri wa kusema yanayowasibu, na msimamizi akakosa wa kumtisha.

Harusi ikafungwa sebuleni kwa mama yake Tabasamu, watu wachache, madirisha wazi. Shangazi wa bwana harusi akauliza, kwa sauti ya kusikika, kama ni kweli bibi harusi alichanganyikiwa kazini.

Tabasamu alifungua mdomo, ila mumewe akamtangulia.

"Ni kweli, shangazi. Tulichanganyikiwa wote wawili. Karibu ukae."