Kitembezi cha Shangazi Nakijwa

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakazi wote wa maghorofa na kwa vizazi vijavyo, kwamba binadamu ameushinda mlima. Uchovu umekufa na umezikwa. Mhandisi Elisante Mbwambo, bingwa wa mifumo ya mwendo kutoka Jiji la Tanga, amebuni Kitembezi, na kuanzia leo milima ya Upare ni kama sebuleni.

Tangazo hilo alilitoa Mhandisi mwenyewe, amesimama juu ya jiwe, mkono kifuani. Alipomaliza, Kitembezi kilimchukua na kumpeleka katikati ya shamba la tangawizi la mtu.

"Simama!" aliiamrisha suruali yake. "Nimesema simama!"

"Baba Mdogo, labda uibembeleze," alisema Namsifu.

Huyu Namsifu ni binti wa kaka yake Mhandisi, mwanafunzi wa shule ya bweni, kijana mwenye adabu ya kupigiwa mfano. Walimu wake humkumbuka mara kwa mara, hasa kengele ya shule inapolia yenyewe. Hadithi hii haimhusu sana.

Inayemhusu ni Shangazi Nakijwa, dada mkubwa wa Mhandisi, aliyekuwa amekaa kando ya njia akicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Eli, umeishinda tangawizi," alisema. "Mlima bado."

Ni lazima kueleza Kitembezi ni nini. Ni suruali iliyofumwa kwa nyuzi za chuma laini kuliko hariri, inayoshuka mpaka ndani ya viatu. Nyuzi hizo hukaza na kulegea kama misuli, hivyo mvaaji hupanda mlima huku suruali ikifanya kazi na yeye akitazama mandhari. Kiunoni kuna kisanduku kidogo kiitwacho kinyamazishi, ambacho hutuma mapigo ya umeme mwepesi kwenye neva na kuziambia zinyamaze kuhusu maumivu. Kina ngazi tano. Mbili za kwanza mtu hujiwekea mwenyewe, na ganzi yake huisha mara anapovua. Kuanzia ya tatu kwenda juu, ganzi hukaa mpaka siku inayofuata, na kwa sababu hiyo ngazi hizo hazifunguki bila dole gumba la Mhandisi.

Watu wa Tanga walikihitaji sana chombo hicho. Katika jiji lao sakafu zenyewe hutembea: unasimama kitandani, unashuka kazini. Waliokuwa na hamu ya likizo ya miguu hawakuwa tena na miguu ya likizo. Shangazi Nakijwa, ambaye kisukari kilikuwa kimemfungia ghorofa ya arobaini kwa miaka mingi, alikuwa na hamu kuliko wote. Alitaka kufika Chome, alikozaliwa, kwa njia ileile aliyoshukia akiwa msichana, na alitaka kuitembea. Basi naye alivalishwa Kitembezi chake.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu kweli. Ukungu ulikuwa unainuka kutoka kwenye migomba, na ardhi iliyolimwa ilinukia tangawizi mpaka pua ikawasha. Shangazi alisimama kwenye kila kijito akanawa uso. Aliwasalimia watu wote njiani, na kwa kuwa Mpare hawezi kupita nyumba ya ndugu bila kuingia, na kwa kuwa kila nyumba ilikuwa ya ndugu, waliingia katika kila nyumba.

"Dada, kwa mwendo huu tutafika mwakani," alilalamika Mhandisi.

"Kwani huko kuna nini cha kukimbilia? Kaa ule."

Walikula makande. Namsifu, aliyekula makande ya shule kwa miaka mitatu na kuapa kutoyatazama tena, aliongezewa mara mbili kwa sababu ya adabu yake.

Tatizo lilianza baada ya chakula. Shangazi aliinuka, akapiga hatua chache, akakaa tena.

"Mguu wa kulia unanichoma," alisema. "Kama nimekanyaga kaa la moto."

"Ni uzee tu, Dada. Suruali haina kasoro. Naita kipepeo kikurudishe Tanga." Kipepeo ni chombo kidogo cha kuruka, na Mhandisi alikuwa na haraka.

Shangazi alivuta kitambaa chake mbele, akafunika macho. Mhandisi alisema atapumzika kidogo kabla ya kukiita, akajilaza kwenye mkeka wa wenyeji, akakoroma, mkono wake umening'inia nje ya mkeka. Kilichotokea wakati huo hakina umuhimu.

Umuhimu upo katika kilichofuata. Shangazi alisimama. Akakanyaga chini kwa nguvu, mara moja, mara ya pili. Kisha akacheza, pale uani, mbele ya kuku, huku wenye nyumba wakimpigia makofi.

"Eli! Amka! Miguu yangu imerudi!"

"Nilikuambia suruali haina kasoro," alisema Mhandisi, akijifuta mate.

Jioni hiyo Shangazi aliimba njia nzima. Usiku alikataa kuvua Kitembezi. Alilala nacho, kama mtoto na viatu vya sikukuu. Kesho yake aliongoza msafara, akipanda kama mbuzi, akiwaonyesha huku mwamba alikoteleza akiwa mdogo na kule msitu alikookota kuni. Kufikia alasiri walizifikia nyumba za kwanza za Chome. Hapo ndipo Namsifu, aliyekuwa nyuma, alipoona kwamba kila alama ya kiatu cha kulia njiani ilikuwa na wekundu.

Ndani ya kiatu mlikuwa na kipande cha jiwe, chembamba kama kisu. Kilikuwa mle tangu jana, na wayo wa Shangazi ulikuwa umekitembelea milima miwili. Mguu ulikuwa umevimba mpaka juu ya kifundo, rangi yake kama zambarau.

Katika zahanati ya Chome walipokelewa na Muuguzi Mrutu, kijana mpole, na tabibu-chuma, mashine ya mikono sita isiyokuwa na upole wowote. Kitembezi kilivuliwa. Mashine iligusa wayo kwa sindano, hapa, pale, na pale.

"Unasikia, mama?" aliuliza Muuguzi.

"Sisikii kitu, mwanangu."

"Neva hazijibu," ilisema mashine. "Mgonjwa ana kisukari. Mguu umekufa. Ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda."

Muuguzi alimgeukia Mhandisi. "Mzee, hicho kinyamazishi kilikuwa ngazi gani?"

"Ya pili."

"Una hakika? Kama kilikuwa juu zaidi, ganzi ni yake, kesho itaondoka. Tunasafisha kidonda, tunampa dawa, tunausubiri mguu. Lakini kama ni ya pili, hii ganzi ni ya ugonjwa, na hatuna muda wa kusubiri."

"Kijana, ngazi za juu hazifunguki bila dole gumba hili." Mhandisi aliliinua juu. "Mashine yangu haikosei."

Mikono miwili ya tabibu-chuma ilianza kujiosha.

"Kateni basi," alisema Shangazi Nakijwa taratibu. "Nimeshafika kwetu. Ila nacheka, jamani. Jana nzima naucheza, nauimbia, kumbe ni maiti naiburuta."

Hakuna aliyecheka naye. Namsifu alikohoa.

"Muuguzi, tuseme kuna mwanafunzi mmoja," alisema. "Tuseme tu. Amemwona shangazi yake analia chini ya kitambaa. Na kuna mtu amelala, mkono uko nje ya mkeka..."

Shangazi alimgeukia. "Mwanafunzi gani?"

"Mmoja tu. Simjui sana."

"Namsifu. Nitazame."

Nimejitahidi, ndugu msomaji. Nimemsimulia huyo binti kwa mbali, kama mtu wa kijiji kingine, nikidhani nitafika mwisho bila kuguswa. Lakini Shangazi alikuwa ananitazama mimi, na Baba Mdogo alikuwa ameshusha mkono na kulitazama dole gumba lake kama kitu alichookota njiani, na yale maji yalikuwa yanaendelea kutiririka juu ya mikono ya chuma.

"Ni mimi, Shangazi," nilisema. "Niliuchukua mkono wa Baba Mdogo nikaubandika kwenye kisanduku chako. Nilitaka ufike. Na nilitaka kucheka pia, nikuone unacheza, niwasimulie bwenini. Sijui kipi kilikuwa kikubwa. Mguu ulikuwa unakuambia uvue kiatu, mimi nikaunyamazisha. Nilikiweka kisanduku ngazi ya tano. Muuguzi, ngazi ya tano, tangu jana mchana. Mguu wake haujafa. Iambie hiyo mashine isimame."