Perege Mzazi Ameibwa

Uvumi ulianzia kwa majirani ukaingia mpaka chumbani: yule binti mtaalamu wa viumbe vya baharini hazai kwa sababu uzazi wake ameuhamishia kwa samaki anaowakuza. Mama gani atasikia neno hilo alale?

Asubuhi moja tangi kubwa la kituo cha ufugaji likakutwa tupu. Inspekta alifika na konstebo wake.

"Samaki mmoja tu, Afande," konstebo alinong'ona. "Mimi ningeanza kumkamata paka."

Mtaalamu alimsikia. "Ni perege mzazi. Nimechagua kizazi baada ya kizazi mpaka nikampata huyu, anakua haraka katika maji ya chumvi na haugui ovyo. Akifa, naanza upya."

Kufuli lilikuwa zima. Sakafuni, kutoka tangini hadi mlangoni, matone yamekauka yakaacha weupe. Inspekta aliyaonja.

"Maji ya chumvi. Mwizi wa kitoweo habebi maji. Huyu alimtaka hai. Jana aliingia nani?"

"Wafanyakazi. Na mama, aliniletea chakula."

Walimkuta mama anafagia ua uliokwisha kufagiliwa.

"Shikamoo, mama," Inspekta aliamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Pindo la gauni lako lina chumvi."

"Nilikuwa napika."

"Ulipikia sakafuni?"

Ufagio ulimdondoka.

"Nimemchukua mimi! Nilitaka nikamtupe baharini aondoke na balaa lake. Nikamwonea huruma, tangu jana hataki kula. Mwanangu ataitwa mgumba mpaka lini?"

Samaki alikuwa bafuni, ndani ya beseni. Binti alipiga magoti.

"Hali kwa sababu ana watoto mdomoni, mama. Tazama."

Samaki akafunua mdomo. Vikamiminika vitoto, vingi, vyembamba, macho tu yanameta. Inspekta akainama, kivuli chake kikaanguka majini. Papo hapo vyote vikarudi mbio mdomoni, mama yao akafunga.

Konstebo alivua kofia.

"Amewabeba humo tangu mayai?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu mayai. Na njaa yake anaivumilia." Binti alimtazama. "Mimi sijazaa kwa sababu sijataka bado. Ungeniuliza, mama."

Mama alilia bila sauti.

"Unafungua mashtaka?" Inspekta aliuliza.

"Hapana. Mama, shika beseni upande huo. Polepole."

Kina mama wenzangu mnaosoma kisa hiki, epukeni haya:

Kupokea habari za mwanao kwa jirani, naye mwenyewe yupo.

Kugusa kazi ya mtu usiyoielewa.

Kumwita mwanamke mgumba, hata kwa utani.

Kumwaga baharini samaki wa kufugwa.